Kuku Amezubaa: Kutambua Kinachomsumbua Kabla ya Kutafuta Dawa

Swali linaloulizwa sana na watu wanaofuga kuku wachache nyumbani huwa fupi: kuku wangu amezubaa, amejitenga na wenzake na hali chakula vizuri, nimpe dawa gani? Majibu hayachelewi. Mmoja hutaja ugonjwa wa mdondo, mwingine husema ni minyoo, wa tatu hushauri kidonge cha binadamu kisagwe na kutiwa kwenye maji, na kila mmoja hujibu kwa uhakika kwa kuwa kuku wake mwenyewe aliwahi kuwa na hali hiyohiyo. Inawezekana kabisa kwamba wote watatu wanasema kweli kuhusu kuku wao, na wote watatu wamekosea kuhusu huyu.

Mkanganyiko huu unatokana na kuchanganya mambo manne ambayo yanapaswa kutenganishwa. Dalili ni kile kinachoonekana au kinachohisiwa kwa mkono: kuzubaa, kuhara, kukoroma, kuchechemea. Ugonjwa ni kile kinachozaa dalili hiyo, kiwe virusi, bakteria, vimelea, jeraha, sumu au yai lililokwama. Tiba ni hatua inayolenga chanzo chenyewe. Matunzo, yaani joto, maji, chakula na utulivu, ni yale yanayomwezesha kuku kuendelea kuishi wakati chanzo kinatafutwa au mwili wake unapambana nacho. Anayeona moshi juu ya paa la jirani hajui bado kama ni jiko linalowaka au ni nyumba inayoungua, na hatajua mpaka asogee karibu. Kuzubaa kwa kuku ni moshi wa namna hiyo. Kwa hiyo matunzo yanaweza na yanapaswa kuanza saa ileile, lakini tiba haina budi kusubiri hadi chanzo kijulikane au angalau kikisiwe kwa sababu za msingi.

Kuna jambo moja kuhusu tabia ya kuku linalofanya kazi hii iwe ngumu. Kuku ni kiumbe anayewindwa, na kiumbe anayewindwa akionekana dhaifu hushambuliwa, hata na wenzake wa banda moja. Kwa sababu hiyo huficha ugonjwa kwa kadiri anavyoweza. Siku mfugaji anapomwona amejikunyata, manyoya yamesimama na mabawa yameshuka, mara nyingi ugonjwa ulishaanza siku kadhaa nyuma. Anayemjua kuku wake akiwa mzima ndiye atakayegundua mapema, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kuku mzima yukoje

Joto la mwili wa kuku mzima ni takriban nyuzi 40.6 hadi 41.7 za Selsiasi, ambalo kwa binadamu lingekuwa homa kali. Anayemshika kuku chini ya bawa na kusema ana homa kwa sababu amesikia joto mkononi hajagundua chochote. Vivyo hivyo, kuku hana tezi za jasho, na jua linapokuwa kali hupoza mwili kwa kuhema akiwa ameachama mdomo na kuyatenga mabawa na mwili. Akifanya hivyo mchana wa joto, anahitaji kivuli na maji baridi. Akifanya hivyo alfajiri yenye baridi, au akatoa sauti ya kukoroma, hapo njia yake ya hewa ina tatizo.

Upanga, ile nyama nyekundu iliyo juu ya kichwa, humdanganya mtazamaji pia. Kwa kuku anayetaga huwa mwekundu, umejaa na una joto. Kwa kuku aliyeacha kutaga, anayeatamia au anayebadilisha manyoya, hupauka na kusinyaa bila ugonjwa wowote. Weupe wa upanga unaotia wasiwasi ni ule unaomjia kuku aliye katika kutaga, kwa kuwa unaweza kuonyesha upungufu wa damu, na rangi ya zambarau au bluu inatia wasiwasi zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba damu haizunguki vizuri au haina oksijeni ya kutosha.

Kinyesi ndicho kinachosomwa vibaya kuliko vyote, na kinastahili maelezo marefu kidogo. Kuku hana njia mbili za haja. Vyote hutoka kupitia tundu moja, ndiyo maana kinyesi cha kawaida huwa kigumu kiasi, cha kahawia au kijivu, na juu yake kuna weupe. Weupe huo ni mkojo, ambao ndege huutoa ukiwa mzito kama uji badala ya majimaji. Zaidi ya hicho, mara kadhaa kwa siku kuku hutoa kinyesi cha aina ya pili, laini, cha kunata, chenye rangi ya kahawia iliyokolea na harufu kali. Hiki hutoka kwenye vifuko viwili vya mwisho wa utumbo ambamo bakteria huchachusha mabaki ya chakula, na kuonekana kwake ni ushahidi kwamba utumbo unafanya kazi. Kuku wengi wazima hunyweshwa dawa ya kuhara kwa sababu ya kinyesi hiki kisicho na kosa.

Rangi ya kijani nayo imepewa uzito usio wake. Ni kweli kwamba kuku mwenye mdondo huweza kuhara kijani. Lakini kuku yeyote asiyekula hutoa kinyesi cha kijani, kwa kuwa nyongo huendelea kumiminika kwenye utumbo usio na chakula, na kuku aliyeshinda akidonoa majani hutoa kijani vilevile. Kijani peke yake hutuambia tu kwamba tuangalie kama kuku anakula. Rangi isiyosubiriwa ni nyekundu ya damu, hasa kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6, ambao sababu yake nitaieleza mbele.

Kabla ya kuendelea, kuna hali mbili ambazo si ugonjwa kabisa. Kuku anayebadilisha manyoya, jambo linalotokea kwa kawaida mara moja kwa mwaka, huacha kutaga na huonekana mnyonge kwa wiki nyingi, lakini huendelea kula na kuchakura. Anachohitaji ni chakula chenye protini ya kutosha, kwa sababu unyoya karibu wote umejengwa kwa protini. Kuku anayeatamia naye hukaa kwenye kiota siku nzima, hututumua manyoya, hula kidogo na hutoa kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu mbaya anapotoka. Tofauti huonekana mkono unapomkaribia: anayeatamia hukasirika, hunguruma na kudonoa, ilhali mgonjwa hukubali kubebwa bila kujali.

Saa za kwanza

Mtenge kuku mgonjwa na wenzake. Kumtenga kunawakinga wengine endapo ugonjwa unaambukiza, kunamkinga yeye na midomo ya wenzake, na zaidi ya yote kunamwezesha mfugaji kujua kwa hakika ni kiasi gani anakula, anakunywa, na kinyesi kipi ni chake. Boksi au kizimba kikavu, mahali pasipo upepo wala kelele, panatosha. Kuku mgonjwa hupoteza joto kwa urahisi, hivyo apatiwe chanzo cha joto upande mmoja wa kizimba, na upande wa pili uachwe bila joto ili aweze kusogea mwenyewe akiona limezidi.

Maji yanatangulia chakula. Kuku anayetaga hula takriban gramu 110 hadi 120 kwa siku na hunywa maji yenye uzito wa karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo kuku aliyeacha kunywa hukauka upesi. Ikiwa hanywi mwenyewe, chovya ncha ya mdomo wake kwenye maji, au dondosha matone pembeni mwa mdomo ili ayameze kwa hiari. Usimwagie maji kooni kwa nguvu, hata kama nia ni njema. Tundu la njia ya hewa la kuku liko nyuma tu ya ulimi, na kuku aliyenyweshwa kwa kulazimishwa huweza kufa kwa maji yaliyoingia kwenye mapafu, kisha kifo hicho kikahesabiwa kuwa cha ugonjwa. Chakula kiwe kilekile alichokizoea, kikilowekwa kidogo ili kiwe laini.

Anayehudumia aanze na kuku wazima na kumalizia na mgonjwa, kisha anawe mikono kwa sabuni. Hata kuku anayeonekana mzima anaweza kubeba bakteria wa salmonela, ambao humwugusha binadamu, na watoto wadogo huathirika zaidi.

Kumkagua kwa mikono

Uchunguzi unaofuata hauhitaji vifaa. Anza na mfupa wa kidari, ule unaopita katikati ya kifua. Kwa kuku mwenye afya mfupa huo husikika ukiwa umezungukwa na nyama pande zote mbili. Ukisikika mkali kama makali ya kisu, huyu kuku amekonda kwa wiki kadhaa, na chanzo kinachotafutwa ni cha muda mrefu: minyoo, vimelea vya ngozini vinavyonyonya damu, uvimbe wa ndani, au kunyimwa chakula na wenzake wenye nguvu. Kidari kilichojaa nyama kwa kuku aliye taabani humaanisha kwamba jambo limemjia ghafla. Kipimo hiki kimoja huondoa nusu ya ubashiri, na nasikitika kwamba ni wachache wanaokitumia.

Kisha papasa gole, mfuko ulio chini ya shingo ambamo chakula huhifadhiwa kabla ya kushuka. Jioni gole hujaa, na hilo ni sawa. Asubuhi, kabla kuku hajala chochote, linapaswa kuwa tupu. Likiwa limejaa na ni gumu asubuhi, huenda limezibwa na majani marefu, nyuzi au vitu visivyosagika. Likiwa limejaa majimaji na mdomo unatoa harufu ya uchachu, kuna uwezekano wa hamira iliyozaliana humo kupita kiasi. Kumgeuza kuku kichwa chini ili kulikamua gole ni ushauri unaoenezwa sana na ni wa hatari, kwa sababu ileile ya njia ya hewa. Gole linalokataa kumwaga kwa siku mbili ni kazi ya daktari wa mifugo. Na mara nyingi gole si chanzo bali ni dalili: mwili mzima ukidhoofika, utumbo nao husimama.

Shuka hadi tumboni na kwenye tundu la haja. Kuku anayetaga akisimama wima kuliko kawaida, akajikamua mara kwa mara huku mkia ukipanda na kushuka, fikiria yai lililokwama. Yai huchukua takriban saa 24 hadi 26 kukamilika, na saa nyingi kati ya hizo, karibu 20, hutumika kujenga ganda. Ganda moja hubeba takriban gramu 2 za kalsiamu. Kalsiamu hiyohiyo ndiyo inayowezesha misuli kusukuma yai nje, hivyo kuku mwenye upungufu hutaga mayai yenye ganda laini na wakati huohuo hukosa nguvu ya kuyatoa. Msaada wake ni kumkalisha sehemu ya chini ya mwili kwenye maji ya vuguvugu kwa takriban dakika 20, kumkausha, kumpa kalsiamu, na kumwacha mahali penye joto, giza na utulivu. Asibanwe tumbo kwa nguvu. Yai likivunjika ndani, ncha za ganda hukata na bakteria hupata njia. Asipotaga katika muda wa siku moja ni dharura ya daktari. Kuna pia tumbo linalojaa maji kwa sababu viini vya mayai vimeangukia nje ya mrija wa mayai na kuleta uambukizo. Huyo hatembei vizuri, tumbo lake limevimba kama mfuko, na maji ya vuguvugu hayatamsaidia.

Tenganisha manyoya yanayozunguka tundu hilo. Chawa huishi maisha yao yote juu ya kuku na mayai yao huonekana kama vishada vyeupe kwenye mashina ya manyoya. Utitiri mwekundu ni mwerevu zaidi: mchana hujificha kwenye nyufa za banda na usiku hutoka kunyonya damu, kwa hiyo anayekagua mchana pekee atasema kuku wake hana kitu. Ingia bandani usiku na tochi, uangalie chini ya fito za kulalia. Dawa ya kuku peke yake haitatosha ikiwa nyufa hazikutibiwa. Mwisho geuza nyayo: uvimbe wenye kigaga cheusi ni jipu la wayo, na magamba yaliyoinuka na kuwa mazito miguuni ni kazi ya utitiri wa aina nyingine, ambao hukosa hewa miguu ikipakwa mafuta mazito mara kwa mara.

Mmoja au wengi

Baada ya hayo, tazama kundi. Kuku mmoja aliyeugua huku wengine wakiwa salama kwa siku kadhaa mara nyingi ana tatizo lake binafsi, kama yai, gole, jeraha au uvimbe. Wengi wakiugua kwa pamoja, ni uambukizo, sumu au kasoro ya chakula, maji au banda.

Mdondo, ambao pia huitwa kideri, ndio unaotajwa katika kila kifo. Ni ugonjwa wa virusi uliotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza. Huenea kwa kasi, huua kuku wengi wasiochanjwa, na dalili zake ni pamoja na kuhema kwa shida, kuhara kijani, kupooza na shingo kujipinda. Hauna dawa ya kuutibu. Una chanjo, na hapa pana upotofu wa kusahihishwa: chanjo huufundisha mwili kujikinga, na mafunzo hayo huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili, hivyo kumchanja kuku ambaye tayari ameambukizwa si kumtibu. Wanaochanja baada ya vifo kuanza, kisha wakaona vifo vikiendelea, huilaumu chanjo bila haki.

Koksidia ni jambo jingine kabisa, ingawa nao huanza na kuzubaa. Huu ndio unaoleta ile damu kwenye kinyesi cha vifaranga. Chanzo chake ni vimelea vyenye seli moja vinavyoharibu kuta za utumbo, na mayai yake hukomaa kwenye matandazo yenye unyevu na joto. Si minyoo, kwa hiyo dawa ya minyoo haiugusi. Dawa inayotumika sana, amproliamu, huwanyima vimelea vitamini B1. Anayetia vitamini hiyo kwenye maji yaleyale anaidhoofisha dawa aliyoinunua. Na matandazo yakibaki mabichi, ugonjwa hurudi.

Kuku kijana anayepooza, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, huenda ana mahepe, ugonjwa wa virusi ulioelezwa mwaka 1907 na József Marek, daktari wa mifugo wa Hungaria. Hauna tiba, na chanjo yake hutolewa kifaranga anapoanguliwa. Lakini miguu hulegea pia kwa jeraha au kwa upungufu wa vitamini B2, na hawa wanaweza kupona, ndiyo maana kupooza kusihukumiwe kwa kutazama tu. Ndui, yenye vipele vinavyogeuka vigaga kwenye upanga na usoni, huenezwa na mbu na kwa kawaida hupona yenyewe baada ya wiki chache, isipokuwa ikiingia mdomoni na kooni.

Wapo pia wanaochanganya mafua ya kuku na mafua ya ndege. Mafua ya kuku husababishwa na bakteria. Uso huvimba, pua hutoa ute wenye harufu mbaya, na binadamu haambukizwi. Mafua ya ndege ni ya virusi, na aina ya H5N1 ilithibitika kuwaugusha watu mwaka 1997 huko Hong Kong, ambako watu 18 waliambukizwa na 6 kati yao wakafa. Kuku wengi wakifa ghafla, wengine wakiwa na vichwa vilivyovimba na panga za zambarau, usiwachinje, usiwapasue, usiwasambaze. Toa taarifa kwa mamlaka ya mifugo na usiwaguse bila kinga.

Kuhusu antibayotiki

Antibayotiki huua au huzuia bakteria. Haina la kufanya dhidi ya virusi wa mdondo, mahepe au ndui, wala haiondoi minyoo, utitiri au yai lililokwama. Kuku aliyepona baada ya kuinywa huenda alikuwa anapona kwa sababu alipewa joto na maji siku hiyohiyo. Kuitumia kwa kubahatisha kuna madhara mawili ya kweli: bakteria wanaobaki huwa sugu, na mabaki ya dawa huingia kwenye mayai na nyama. Kila dawa halali huonyesha siku ambazo mayai na nyama havipaswi kuliwa baada ya dozi ya mwisho; vidonge vya binadamu havina maelezo hayo kwa kuku, wala kipimo chake. Ninaamini kwamba pesa zinazotumika kujaribu dawa tatu kwa kubahatisha zingefanya kazi bora zaidi kama zingelipia kinyesi kupimwa kwa darubini mara moja.

Kuku akifa bila sababu kujulikana, mzoga wake bado una majibu. Uwekwe mahali pa baridi bila kugandishwa, ndani ya mifuko miwili, na ufikishwe maabara ya mifugo mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24, kwa sababu kugandisha huharibu viungo vinavyotazamwa. Usiokwenda maabara uzikwe kwa kina au uchomwe, usitupwe wala kupewa mbwa. Na kwa kuku ambaye hali tena, hasimami na anateseka, kumaliza maisha yake kwa haraka na kwa mkono wenye ujuzi ni sehemu ya matunzo.

Aliyepona arudishwe kwa hatua: kwanza waonane na wenzake kupitia wavu kwa siku chache, kwa kuwa kundi humpokea aliyeondoka kama mgeni na humpiga. Ikumbukwe pia kwamba kupona si lazima kuwa huru na vimelea. Kuku aliyenusurika mahepe, au ugonjwa sugu wa njia ya hewa unaoletwa na bakteria wa mikoplazma, huweza kuendelea kuwaambukiza wengine maisha yake yote akiwa anakula na kutaga vizuri. Huyo asiuzwe wala kupewa mtu mwingine kwa ufugaji, na kuku wapya wanaoletwa kwenye kundi lake wawe wamechanjwa na wamekaa kando kwa siku 30 wakiangaliwa.